Ukimkuta tegu tumboni mwa samaki: mwongozo wa kumhifadhi, kumtambua na kumpa jina

Mchambuzi wa omena wabichi Manyatta, Kisumu, hahitaji kutambulishwa kwa mdudu huyu. Unabonyeza tumbo la samaki aliyefura, linapasuka, na utepe mweupe pe unateleza nje, pengine mrefu kuliko samaki mwenyewe. Ukiuweka kidoleni unajikunja polepole, maana bado u hai. Wengi humtupia kuku, kisha kazi inaendelea.

Mwongozo huu unakuomba umweke, lakini umweke vizuri. Aina za tegu zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi duniani zinakaribia 5,000, na kila mwaka zinaongezeka. Kinachochelewesha kazi mara nyingi si ukosefu wa hadubini bali ni sampuli mbovu: mnyoo aliyeoza, aliyekatika kichwa, au aliyetiwa chupani bila kuandikwa ametoka kwa samaki gani na wapi. Saa moja ya kwanza baada ya samaki kupasuliwa ndiyo huamua kama mnyoo huyo atakuwa elimu au takataka. Na saa hiyo iko mikononi mwa wachambuzi, wavuvi, wanafunzi na mama samaki, si mikononi mwa profesa.

KWA NINI TEGU WA OMENA ANA MANENO

Tegu huyu anaitwa Ligula intestinalis. Carl Linnaeus wa Sweden ndiye aliyempa jina la intestinalis mwaka 1758, naye alikuwa akiwatazama minyoo wa Ulaya. Omena mwenyewe, Rastrineobola argentea, alisubiri hadi 1904 ndipo Mfaransa Jacques Pellegrin alipomweleza. Kwa hiyo mnyoo wa ziwa letu, Ziwa Victoria, anatumia jina lililotungwa mbali, karibu karne moja na nusu kabla ya samaki anayembeba kuingia vitabuni. Tangu 2008 tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba chini ya jina hilo moja zimejificha koo kadhaa zilizotengana zamani, zikiwamo za Ethiopia. Ukoo upi unastahili jina lake wenyewe ni swali linalojibiwa kwa sampuli, tena sampuli nyingi, kutoka fukwe nyingi.

Ili ujue unachokitazama, fuata safari yake. Mayai hudondoka ziwani pamoja na kinyesi cha ndege wala samaki, kama mnandi na mwari. Yanaanguliwa, na kiluwiluwi humezwa na kopepodi, mdudu mdogo wa maji ambaye ndiye chakula cha omena. Omena akimla kopepodi, mnyoo hutoboa utumbo na kuhamia katika uwazi wa tumbo, nje ya utumbo, na hapo ndipo anapokua hadi kumfurisha samaki. Huzuia mayai na mbegu za samaki zisikomae. Mwaka 2008 mtafiti Ian Cowx na wenzake walichapisha utafiti juu ya jambo hilo hilo kwa omena wa Ziwa Victoria, nalo si jambo dogo kwa ziwa ambalo watu wengi wanakula na kusomesha watoto kwa omena. Samaki mwenye tegu huelea karibu na uso wa maji, ndege humdaka kwa urahisi, na ndani ya ndege mnyoo hupevuka kwa siku chache tu, akataga, akafa.

Hapo pana jambo ambalo wanaoanza husahau. Tegu unayemtoa kwenye omena ni mtoto. Viungo vyake vya uzazi havijakomaa, na spishi za tegu hutofautishwa zaidi kwa viungo hivyo. Hata umchore vizuri namna gani, huwezi kumtangaza kuwa spishi mpya kwa umbo lake peke yake. Anahitaji vinasaba, na anahitaji kulinganishwa na mpevu aliyetoka kwa ndege. Tegu wa utumboni mwa samaki kama mumi au okoko ni habari nyingine, kwa sababu humo huwa wamepevuka.

Na ukiwa na ndugu Mombasa, Lamu au Malindi wanaouza papa na taa, waambie wasitupe matumbo. Utumbo wa samaki hao una sehemu iliyojiviringa ndani kama ngazi ya mzunguko, na humo taa mmoja anaweza kubeba aina kadhaa za tegu kwa pamoja. Nyingi kati ya aina hizo huishi ndani ya spishi moja tu ya taa au papa. Sehemu kubwa ya spishi mpya za tegu zinazotangazwa hutoka huko. Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa ziwa na kwa bahari, ila kipimo cha chumvi cha hatua ya 4 ni cha minyoo wa ziwani.

KISANDUKU: USALAMA KWANZA

Je, omena mwenye tegu analiwa? Makao ya mwisho ya Ligula ni ndege, si binadamu, na moto wa kupikia humuua. Pika samaki hadi waive. Kuna tegu mwingine wa samaki, Dibothriocephalus latus, anayewapata watu wa nchi za baridi wanaokula samaki wabichi. Msiwachanganye hao wawili, wala usimtishe jirani yako asinunue omena.

Fomalini ni sumu. Huunguza macho, pua na ngozi, na inahusishwa na saratani. Ifungulie nje penye upepo, vaa glavu, usiipeleke jikoni, na usiitie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Andika SUMU kwa herufi kubwa kwenye kila chombo. Samaki au kisu kilichogusana nayo hakirudi tena kwenye chakula. Nyumba yenye watoto wadogo isiweke fomalini hata kidogo: hifadhi kwa spiriti peke yake, kazi ya fomalini iachie maabara.

Usiue ndege kwa ajili ya mnyoo. Ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na ndege aliyekutwa amekufa anaweza kuwa na homa ya mafua ya ndege. Usimguse. Toa taarifa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

VIFAA

☐ Mkasi mdogo wenye ncha, na kibano
☐ Sahani mbili, moja nyeupe na moja nyeusi (tegu mweupe huonekana vizuri juu ya nyeusi)
☐ Rula
☐ Chupa ndogo zenye vifuniko vinavyobana barabara
☐ Penseli na karatasi ngumu
☐ Chumvi ya mezani na maji yaliyochemshwa yakapoa
☐ Birika au sufuria ya kuchemshia, isiyotumika kwa chakula
☐ Spiriti safi ya asilimia 96 au zaidi (etanoli), ya duka la kemikali za maabara
☐ Fomalini, kama una mahali pa kuitumia
☐ Daftari

Spiriti ya kusafishia vidonda na ile ya rangi ya zambarau zina vitu vilivyochanganywa ndani. Zitakuokoa mnyoo asioze siku hiyo, lakini kwa vinasaba usizitegemee.

HATUA KWA HATUA

1. Pata samaki wabichi. Omena aliyekaushwa juani hafai, maana tegu wake amekuwa gamba. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo uwe ufukweni asubuhi mapema mitumbwi inapoingia. Ukifika kwa muuzaji usianze kupekua bidhaa yake. Mwamkie, kisha useme shida yako: "Mama, naomba nikusaidie kuchambua. Samaki ni wako, mimi nachukua hawa minyoo tu." Wengi hukubali, na wengi watakuonyesha mambo ambayo hukuyatarajia, kwa mfano ni miezi gani matumbo huwa yamefura zaidi. Yaandike hayo pia.

2. Andika kabla ya kupasua. Tarehe, jina la ufuko, jina la samaki kwa Kijaluo au Kiswahili na la kisayansi kama unalijua, urefu wake, na aliyevua alikuwa upande gani wa ghuba. Halafu andika idadi ya samaki WOTE uliowafungua, pamoja na wasiokuwa na kitu. Hapa ndipo daftari nyingi hufeli. Mtu anaandika "nimepata tegu kumi na wawili" na hakuna ajuaye kama ni katika samaki ishirini au mia tano. Bila hesabu ya wasio na tegu, huwezi kusema ugonjwa umezidi au umepungua, na mtafiti atakayekuja baada yako hawezi kulinganisha mwaka wako na mwaka wake. Sufuri ni taarifa. Iandike.

3. Piga picha ya samaki mzima ubavuni, rula ikiwa kando yake. Kwa omena ni jambo la tahadhari tu, lakini kwa fulu, ambao spishi zao katika ziwa hili ni nyingi na zinafanana, na kwa taa wa baharini, picha ndiyo ushahidi pekee kwamba mwenyeji alitambuliwa sawasawa. Kata na kipande kidogo cha pezi ukitie kwenye spiriti.

4. Tengeneza maji ya chumvi. Gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa. Ukimtia tegu kwenye maji matupu ya mfereji au ya kisima, maji humwingia, akavimba na kupasuka ngozi. Muda wote hadi hatua ya 8 awe ndani ya maji haya ya chumvi.

5. Pasua. Ingiza ncha ya mkasi kwenye tundu la haja, elekea kichwani, na uinue ncha juu ili usikate kilichomo. Tazama kwanza uwazi wa tumbo kabla ya kugusa utumbo: Ligula amelala hapo, nje ya utumbo. Kisha toa utumbo mzima, uuweke kwenye sahani yenye maji ya chumvi, uupasue kwa urefu na uutikise taratibu.

6. Usimvute. Tegu wa utumboni amejishikilia kwa kichwa, na kichwa ndicho kitambulisho cha kwanza. Ukivuta, mwili utakuja mkononi na kichwa kitabaki ukutani mwa utumbo. Acha sahani kivulini, naye ataachia mwenyewe. Asipoachia, kata kipande cha utumbo alichoshikilia umhifadhi nacho.

7. Kata kipande cha vinasaba. Kwa mnyoo mkubwa, kata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele katikati ya mwili, usiguse kichwa wala mwisho, ukitie kwenye spiriti ya asilimia 96 iliyo mara kumi ya ujazo wa kipande. Kesho yake imwage uweke nyingine, kwa sababu maji ya mnyoo huwa yameipunguza nguvu. Mwili uliobaki ndio utakaochorwa, na vyote viwili vipewe namba moja. Hapo ndipo vinasaba na umbo vitaweza kusemwa kuwa ni vya mnyoo yule yule.

8. Muue kwa joto. Chemsha maji ya chumvi hadi yaanze kutoa mvuke mwingi, epua, mnyooshe tegu kwenye sahani yenye maji kidogo, kisha mmwagie maji ya moto kwa mara moja. Hufa papo hapo akiwa amenyooka. Ukimtumbukiza akiwa hai ndani ya spiriti baridi au fomalini baridi atajikunyata, viungo vya ndani vitasongamana, na hakuna atakayeweza kuvipima.

9. Imarisha umbo lake. Wenye nafasi salama wamtie kwenye fomalini. Fomalini ya dukani ina asilimia 37 hadi 40 ya formaldehaidi, kwa hiyo sehemu moja yake na sehemu tisa za maji ndiyo hutoa ile asilimia 4 inayotajwa vitabuni. Wengi husoma "asilimia 4" wakaizimua fomalini mara ishirini na tano, na mnyoo akaoza ndani ya dawa. Baada ya wiki mbili mhamishie kwenye spiriti ya asilimia 70: mililita 73 za ile ya 96, ongeza maji yaliyochujwa hadi kufikia mililita 100. Wasio na fomalini wampeleke moja kwa moja kwenye spiriti ya 70 baada ya maji ya moto.

10. Andika lebo kwa penseli, uitie NDANI ya chupa. Wino wa biro huyeyuka kwenye spiriti, na lebo ya nje hubanduka.

Mfano wa lebo inayotosha:

Na. 14 / Omena, Rastrineobola argentea, urefu sm 5.2 / uwazi wa tumbo / Ufuko wa Dunga, Kisumu, Ziwa Victoria / tarehe / jina la aliyekusanya / maji moto, fomalini 4%

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kugandisha samaki kwenye friza halafu kumfungua baada ya mwezi. Barafu huchana tishu. Vinasaba vinaweza kupona, umbo haliponi.

Kuchanganya minyoo ya samaki kumi kwenye chupa moja ili kuokoa spiriti. Umeokoa shilingi chache na kupoteza kazi ya siku nzima.

Kumwita kila chenye umbo la mnyoo tegu. Mnyoo wa mviringo, mgumu, anayejizungusha kama springi ni wa kundi lingine. Vijifuko vya manjano chini ya ngozi au kwenye mashavu ya ngege ni viluwiluwi vya minyoo bapa wengine. Tegu amebapa, hana mdomo wala utumbo, na hufyonza chakula kwa ngozi.

Kutangaza spishi mpya kwa sababu "sijawahi kumwona". Hili nitalirudia.

KUMSOMA MWILI

Sehemu hii inahitaji hadubini, kwa hiyo fanya urafiki na maabara ya shule au chuo. Mnyoo hutiwa rangi nyekundu ya kamini, ikakolea viungoni, kisha huondolewa maji kwa spiriti inayopanda nguvu hatua kwa hatua, na mwisho hutiwa mafuta ya karafuu ili mwili uwe wa kupenyeza mwanga. Ni mafuta yale yale ya zao la Pemba na Unguja, yanayotiwa kwenye jino linalouma. Ndani ya dakika chache mwili uliokuwa mweupe usioonyesha kitu unakuwa kama kioo, na korodani, ovari na mirija vinajitokeza kwa wekundu, kila kimoja mahali pake. Baada ya hapo hubandikwa kwenye kigae cha kioo kwa zeri ya Kanada, na kigae hicho kinaweza kudumu zaidi ya karne.

Tazama kwa mpangilio huu:

Kichwa. Kina mifereji miwili, vikombe vinne, majani manne, au minyiri minne yenye ndoano? Je, kuna taji la ndoano? Zihesabu.

Mwili. Una pingili au hauna? Pingili ni pana kuliko urefu wake, au kinyume? Ligula wa omena haonyeshi pingili kwa nje, na katikati ana mstari uliodidimia.

Viungo vya uzazi. Idadi ya korodani katika pingili moja, umbo la ovari, mpangilio wa tezi za kiini cha yai, urefu wa mfuko wa uume, na tundu la uzazi liko upande gani. Pima pingili nyingi za minyoo wengi, uandike kipimo cha chini, cha juu na wastani. Mnyoo mmoja hasemi lolote kuhusu spishi yake.

Mayai. Yana kifuniko au hayana, na ukubwa wake kwa maikromita.

Chora kwa penseli kwanza. Picha ya simu ni nzuri kwa kumbukumbu, ila mchoro hukulazimisha kuamua mstari mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Daima weka kipimo chini ya mchoro.

MWANZO WA UTAMBUZI, SAMAKI KWA SAMAKI

Omena: utepe mweupe nje ya utumbo, hana pingili. Ni kiluwiluwi cha Ligula.

Mumi (Clarias gariepinus): mnyoo wa utumboni mwenye taji la ndoano kichwani, anza kwa kumlinganisha na Tetracampos ciliotheca, aliyeelezwa mwaka 1861. Mwenye vikombe vinne bila ndoano, tafuta kundi la Proteosefalida.

Okoko (Synodontis): mwili mmoja usio na pingili hata ukiutazama ndani, wenye seti moja tu ya viungo vya uzazi. Hao ni jenasi ya Wenyonia, iliyoundwa na Woodland mwaka 1923 na kupitiwa upya mwaka 2011.

Samaki wa jamii ya kapu na jamaa zake: mwangalie kwa makini mnyoo mwenye kichwa cha umbo la moyo na mifereji mirefu. Anaweza kuwa Schyzocotyle acheilognathi, mgeni kutoka Asia aliyesambazwa duniani pamoja na vifaranga vya samaki wa kufuga. Ukimpata kwenye bwawa, mjulishe afisa wa uvuvi.

Papa na taa: kichwa chenye minyiri minne inayoingia na kutoka, imejaa ndoano, ni Tripanorinka. Vichwa vyenye majani manne viko katika oda kadhaa, na hapo usikisie. Hifadhi vizuri, mwite mtaalamu.

JE, NI MPYA KWELI?

Spishi mpya ni hoja, na hoja hujibiwa na ushahidi. Kabla hujamwambia mtu "mpya", uwe na majibu ya "ndiyo" kwa haya yote:

☐ Ninao minyoo kadhaa wapevu, kutoka kwa samaki zaidi ya mmoja
☐ Mwenyeji ametambuliwa na mtu anayewajua samaki hao
☐ Nimesoma maelezo ya asili ya kila spishi ya jenasi hiyo, si muhtasari wake
☐ Tofauti ninayoiona haitokani na mnyoo kujikunyata au kuoza
☐ Tofauti hiyo haitokani na umri: pingili changa na zilizopevuka nimezilinganisha kila moja na za rika lake
☐ Vinasaba vinakubaliana na umbo, au ninaweza kueleza kwa nini havikubaliani

Kumkuta mnyoo ndani ya samaki mpya, au katika ziwa jipya, si spishi mpya. Ni rekodi mpya, nayo ina thamani yake na huchapishwa. Kitu kinachoharibu sana elimu hii ni majina yaliyotolewa kwa haraka juu ya minyoo waliooza, ambayo baadaye watu wengine hutumia miaka kuyafuta.

KUTOA JINA

Kazi ya majina inaongozwa na Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo toleo lake la nne linatumika tangu Januari 1, 2000. Mambo ya lazima ni machache, ila ukikosa moja jina halipo.

1. Jina lina maneno mawili, jenasi na spishi, kwa herufi za Kilatini. La mahali huishia mara nyingi kwa -ensis, la kumheshimu mwanamume kwa -i, la mwanamke kwa -ae. Kujipa jina lako mwenyewe si desturi.

2. Useme wazi kwamba ni spishi mpya, na ueleze sifa zinazoitenganisha na jamaa zake.

3. Uteue mnyoo mmoja awe holotaipu, yaani kielelezo ambacho jina litakibeba daima. Wengine wa kundi hilo huitwa parataipu.

4. Useme holotaipu amewekwa katika hifadhi gani. Kwa minyoo ya Kenya, Makumbusho ya Kitaifa Nairobi ndiyo nyumba ya kwanza kufikiriwa. Parataipu wanaweza kwenda London au České Budějovice, Jamhuri ya Cheki, penye hifadhi kubwa ya minyoo ya samaki, ila holotaipu abaki hapa, mwanafunzi wa Maseno asije kuomba viza ili amwone mnyoo wa ziwa lake.

5. Yachapishwe. Jina lililotajwa mkutanini au WhatsApp si jina. Tangu 2012 jarida la mtandaoni linakubalika, mradi chapisho limesajiliwa ZooBank.

Ukiona jina la mwandishi na mwaka ndani ya mabano, kama (Linnaeus, 1758) baada ya Ligula intestinalis, elewa kwamba spishi ilianzia katika jenasi nyingine. Linnaeus alimweka huyu kwenye Fasciola. Bila mabano, haijahamishwa.

UPELEKE WAPI

Utafiti rasmi nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, na kutoa sampuli nje ya nchi kunahitaji vibali vingine. Kwa hiyo usibaki peke yako. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, ina kituo Kisumu. Chuo Kikuu cha Maseno na kile cha Jaramogi Oginga Odinga, Bondo, vina idara za sayansi ya viumbe. Kamati ya usimamizi wa ufuko, BMU, nayo ijulishwe kabla hujaanza kukusanya, kwani samaki ni wao na swali la kwanza la mvuvi litakuwa kama unataka kufunga ziwa.

Unapoandika barua ya kwanza usitume "nimepata mdudu wa ajabu". Tuma mambo matano: samaki gani, mnyoo alikuwa sehemu gani ya mwili, ufuko na tarehe, umemhifadhi kwa kitu gani, na samaki wangapi ulifungua wakapatikana wangapi. Ambatisha picha ya samaki na picha ya mnyoo zenye rula. Uliza mapema pia kuhusu jina lako: aliyekusanya hutajwa katika maelezo, na aliyefanya kazi kubwa anastahili kuwa mmoja wa waandishi. Hilo likubaliwe kwa maandishi kabla chupa hazijatoka mkononi mwako.

Panga kazi yako kwa kalenda ya ziwa. Uvuvi wa omena hufungwa upande wa Kenya kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo kusanya Machi kabla ya kufungwa na Agosti mara baada ya kufunguliwa, katika ufuko ule ule, kwa idadi ile ile ya samaki. Katikati, miezi ile minne, funua chupa zako moja moja, ongeza spiriti iliyopungua, na usome lebo zote kama bado zinasomeka.